Naomba ushauri: rubani wa ndege za mizigo anaposafirishwa kikazi kama abiria, ana haki ya kukaa daraja gani?

Mwana_wa_Anga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni rubani msaidizi, naishi Nairobi, na nimepewa rasimu ya mkataba na kampuni ya mizigo iliyosajiliwa Falme za Kiarabu inayorusha Boeing 747 za mizigo. Walio kwenye kazi hii wanajua kwamba rubani wa mizigo huifuata ndege ilipo: leo unaichukua Hong Kong, safari ijayo unaikuta Liège ikishusha maua ya Naivasha, na ili ufike huko unakatiwa tiketi kwenye ndege ya abiria ya shirika lingine. Kifungu kinachonisumbua kinasema kwamba rubani anayesafirishwa kikazi atakaa daraja la kawaida, au daraja la juu zaidi pale kampuni itakapoona inafaa.

Je, ipo sheria ya usafiri wa anga inayomlazimisha mwajiri kumpa rubani daraja la biashara anapokwenda kurusha ndege? Na kama haipo, niombe kifungu hicho kiandikwe vipi kabla sijatia saini?

Kapteni_Mstaafu

Mwanangu, hongera kwa kusoma mkataba kabla ya kusaini. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sheria inahesabu saa zako, haihesabu kiti chako. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaitambua safari ya namna hiyo kuwa sehemu ya kazi, na kanuni za Ulaya, ambazo zilianza kutumika Februari 2016 na zinawahusu marubani wa mizigo sawa na wa abiria, zinaeleza wazi kwamba muda wote wa kusafirishwa ni zamu. Ukiripoti, ukasafirishwa, kisha ukaingia moja kwa moja kwenye chumba cha marubani, saa za zamu ya kurusha ndege zinaanza kuhesabiwa tangu uliporipoti kwa ajili ya ile safari ya abiria. Lakini hakuna mahali kanuni hizo zinaposema ukalishwe daraja gani.

Zingatia pia kwamba sheria inayokuongoza ni ya nchi iliyoipa kampuni cheti cha uendeshaji, si ya nchi yako wala ya uwanja unaoondokea; kwako ni Falme za Kiarabu, na kanuni za Ulaya tunazitaja hapa kama kipimo tu. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, haitakusaidia katika hili. Omba uoneshwe mwongozo wa uendeshaji wa kampuni, Sehemu A, sura ya 7, kwa kuwa humo ndimo kwa kawaida mipaka ya saa za kazi na mapumziko huandikwa.

Yuko_Louisville

Naongezea kutoka Marekani, ambako wengi hudhani marubani wa mizigo wanalindwa na sheria. Baada ya ajali ya ndege ya abiria, Colgan Air 3407, ya Februari 2009, serikali ilitunga kanuni mpya za uchovu, Part 117, zilizoanza kutumika Januari 2014, na ndege za mizigo pekee zikaachwa nje. Ndege ya mizigo ya UPS, safari namba 1354, ilikuwa imeanguka Birmingham, Alabama, Agosti 2013, marubani wote wawili wakafa, na wachunguzi wakautaja uchovu miongoni mwa sababu. Chama cha marubani wa UPS kilipeleka suala la kuachwa nje mahakamani, na mwaka 2016 kikashindwa.

Kwa hiyo daraja ambalo marubani wa kampuni kubwa za mizigo wa hapa wanasafiria limetokana na mikataba ya pamoja iliyojadiliwa na vyama vyao. Wewe unakwenda Falme za Kiarabu, ambako hakuna vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo utakachokipata ni kile tu kitakachoandikwa kwenye karatasi yenye jina lako. Hilo ndilo linalonifanya nikusihi usiliache neno hilo la "itakapoona inafaa" lipite.

Mpanga_Zamu

Mimi kazi yangu ni kupanga ratiba za marubani, na nitasema jinsi tunavyofanya uamuzi huu mezani. Nikihitaji rubani Dubai kesho asubuhi, kwanza natazama kama saa zake zinaruhusu, kisha natazama mkataba wake unasema nini, na mkataba ukisema "itakapoona inafaa" nakata tiketi ya bei ya chini kabisa. Hakuna anayeniuliza alilala au hakulala.

Watu huhangaikia safari ndefu, lakini hizo mara nyingi zinajilinda zenyewe. Chukua Nairobi hadi Hong Kong kupitia Dubai: saa 5 hivi angani, kusubiri, kisha saa nyingine 8 hivi, na ukijumlisha na muda wa kuripoti umepita kikomo chochote cha kukurusha siku hiyohiyo. Lazima upelekwe hotelini, na kwa kanuni za Ulaya, ukiwa mbali na kituo chako, mapumziko hayapungui urefu wa zamu iliyotangulia wala saa 10, inayotangulizwa ni iliyo kubwa.

Safari ya kuogopa ni ile fupi ya usiku. Unaripoti JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa 4 usiku, unakaa kiti cha katikati huku magoti yamegusa kiti cha mbele, taa zinawashwa kwa ajili ya chakula, jirani anaomba kupita kwenda msalani, na alfajiri unashuka Dubai. Unawekwa kwenye gari hadi uwanja wa mizigo, unapewa karatasi za safari, na unairusha ndege hadi Riyadh au Karachi. Kwa kanuni za Ulaya kikomo cha msingi cha zamu inayoanza usiku ni saa 11, na safari hiyo yote inaweza kuenea humo bila sheria kuvunjwa hata kidogo. Mtu yuko halali kabisa na hajafumba jicho.

Hapo ndipo kifungu chako kielekezwe. Usiombe daraja la biashara kwa kila safari, kwa sababu watakukatalia lote. Omba kiti kinacholala kabisa pale utakapotakiwa kurusha ndege bila kupewa kwanza mapumziko kamili, na pale safari ya kwenda itakapogusa kipindi cha kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, ambacho kanuni zenyewe zinakitambua kuwa ndicho mwili unachozidiwa na usingizi. Safari ya kurudi nyumbani baada ya kazi kuisha waachie daraja la kawaida. Hiyo ndiyo bidhaa yako ya kubadilishana nao.

Mzigo_Mzito

Kwa heshima zote, wakuu, naona mnampeleka kijana pabaya. Nafasi za 747 hazipatikani kila siku, na kampuni ikiona msaidizi anajadili viti kabla hajaripoti kazini itamwita anayefuata kwenye orodha. Asaini, ajenge saa zake, ataomba baadaye akiwa kapteni.

Kapteni_Mstaafu

Ndugu Mzigo Mzito, hofu yako naielewa, na kwa mambo ya posho au sare ningekubaliana nawe. Hili ni tofauti. Baada ya kusaini hana tena nafasi ya kulijadili, na atakayekuwa amekaa kulia mwa kapteni wakati wa kutua ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba yuko katika hali ya kurusha ndege. Anaweza kuomba kwa lugha ya adabu, kwa barua fupi, akieleza kwamba anataka awe tayari kwa kazi akifika. Mkuu wa marubani mwenye busara atalielewa hilo.

Tena ana kipimo cha kutumia. Kanuni za Ulaya zinapozungumzia mahali pa kupumzikia rubani wakati wa safari, hata kiti cha kiwango cha chini kabisa lazima kilale nyuzi 40 au zaidi, kiwe na pa kuegemeza miguu, na kitengwe walau kwa pazia. Kanuni hiyo inahusu rubani aliye kazini kwenye ndege hiyo, haimhusu anayesafirishwa, lakini inaonesha kwamba wataalamu wamekwisha kukubali kiti cha kawaida si mahali pa kupumzikia.

Mwana_wa_Anga

Nashukuru sana, wazee wangu. Nitaandika kama Mpanga Zamu alivyoelekeza. Yamebaki mawili: itakuwaje nafasi za daraja la biashara zikijaa, na itakuwaje wakinisafirisha kwenye ndege yao wenyewe ya mizigo?

Mpanga_Zamu

Nafasi zikijaa, kifungu kiseme kwamba utapewa mapumziko kamili hotelini kabla ya kurusha, au upelekwe kwa ndege inayotangulia. Usikubali fidia ya fedha pekee, maana fedha haiondoi usingizi. Hakikisha pia wanaandika tiketi iliyothibitishwa, si zile za punguzo za kusubiri nafasi, kwani ukiachwa uwanjani usiku kucha saa zako zinaendelea kuhesabiwa.

Ndege yao ya mizigo si mbaya. Nyuma ya chumba cha marubani cha 747 kuna viti na vitanda 2, ila uliza vitanda hivyo vina nani usiku huo, kwa sababu marubani wa ziada walio kazini ndio wenye haki navyo kwanza. Na ukipangwa kurusha mara tu baada ya kusafirishwa, ukiwa na rubani wa tatu, omba iandikwe kwamba zamu ya kwanza ya kulala ni yako.

Mwana_wa_Anga

Nimeyaandika yote mawili. Barua inakwenda kwa mkuu wa marubani kesho asubuhi pamoja na ombi la kuonyeshwa sura ya 7, na nitaleta majibu yao hapa.