Ripoti za wainjilisti vijijini: zije kwa wakati na ziwe za kweli, tufanyeje?

Katibu wa Makete
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wainjilisti wetu wanajituma kweli, ila ripoti zinasumbua. Miezi miwili kimya, halafu zinashuka tatu kwa mkupuo, na hesabu zote zinaishia na sifuri: 50, 100, 200. Mvua zikikolea ndiyo kabisa, njia hazipitiki na mtandao ni wa kubahatisha. Fomu yetu ina kurasa nne, hakuna anayeimaliza. Tuanzie wapi?

Mzee wa Rungwe
Amina, Katibu. Hiyo fomu iweke kando kwanza. Hesabu zikiishia na sifuri, ujue mtu anajaza kwa kukumbuka. Kila mwinjilisti awe na kauntabuku, mistari ipigwe kwa rula: tarehe, kijiji, kazi iliyofanyika, waliohudhuria, waliokata shauri (yaani walioamua kuokoka), mahitaji. Aandike hapohapo kabla hajaondoka; dakika tano zinatosha. Ibada isipofanyika aandike 0 na sababu, mfano "mto umejaa". Akiacha wazi, huwezi kujua kama hakwenda au alisahau.

Wamisionari wa Moravian walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo: kituo kina shajara ya kila siku, na ripoti inachotwa humo.

Dada wa Takwimu, Iringa
Shikamoo Mzee. Katibu, hapo kwenye "waliookoka" ndipo panapoharibika zaidi. Mtu anahesabiwa mkutanoni, akianza mafundisho anahesabiwa tena, akibatizwa tena. Mtu mmoja amegeuka watatu! Kila hatua iwe na safu yake, na idadi ya waliobatizwa itoke kwenye daftari la ubatizo tu.

Mahudhurio nayo msiyajumlishe. Jumapili nne zenye 40, 45, 38 na 41 si watu 164. Ni wastani wa 41.

Katibu wa Makete
Nimeelewa, asanteni. Na kutuma je, mtandao ukigoma?

Mzee wa Rungwe
Meseji ya kawaida, bando halihitajiki: "Machi, ibada 4, wastani 41, shauri 3, mafundisho 5, ubatizo 0", pamoja na jina la kituo. Siku iwe ileile, tuseme Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Na wewe Katibu ujibu siku hiyohiyo, uulize jambo moja kuhusu alichoandika. Anayetuma kila mwezi bila kujibiwa lazima atachoka, na hapo usimlaumu. Kauntabuku zenyewe zikaguliwe na kusainiwa kila robo mwaka, wainjilisti wakija kikaoni.

Dada wa Takwimu, Iringa
Kuna na suala la picha na majina ya watu kwenye ripoti. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imani ya mtu, afya yake na habari za watoto ni taarifa nyeti. Jina au picha ya mgonjwa aliyeombewa isiende kwa wafadhili bila ridhaa yake ya maandishi. Kwa mtoto, asaini mzazi au mlezi. Karatasi za ridhaa zibanwe nyuma ya kauntabuku, tarehe zioane na za ibada.