Upanga wa Kijapani uliokutwa jalalani: ni wa zamani kweli, na kutu niitoeje?

Mti_Mkavu
Wakuu, upanga huu umeokotwa kwenye takataka za nyumba iliyobomolewa, Leicester, Uingereza. Bapa limepinda kidogo, sm 66. Kipini kimesukwa utepe wa kahawia juu ya ngozi yenye chembechembe nyeupe, kinga ya mkono ina maua, ala ni ya chuma, rangi ya kijani imebanduka. Kutu nyekundu iko karibu na ncha. Ni wa kale au wa kiwandani? Nina siki na msasa laini, vinafaa?

Fundi_Bapa
Siki na msasa weka mbali kwanza.

Maua hayo ni ya mcheri, na ngozi ni ya samaki taa. Ala ikiwa na pete moja ya kuning'inizia, huo ni mtindo wa maofisa wa jeshi wa mwaka 1938. Ule wa 1934 ulikuwa na pete mbili. Panga kama hizi zilisalimishwa kwa wingi mwaka 1945, hata huko Burma walikopigana askari wa KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki). Ila kipini na ala havisemi umri wa bapa: maofisa wengine walivalisha hivyo mabapa ya ukoo yenye karne kadhaa.

Jibu liko kwenye nakago, chuma kilichofichwa ndani ya kipini. Tafuta mekugi, kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye kipini. Vipini vingine vina viwili. Kijiti kina upande mwembamba na mnene, kwa hiyo kisukume kutokea upande mwembamba kwa kijiti cha mbao ngumu. Kisha shika kipini kwa mkono wa kushoto, upanga wima, makali yakielekea mbali nawe, na ujigonge kifundo cha mkono huo kwa ngumi. Bapa litalegea. Piga picha ya mpangilio wa washa (vibati vyembamba vinavyobana kinga) kabla ya kuzitoa. Ukizichanganya, tundu la mekugi halitalingana tena.

Mti_Mkavu
Asante mkuu. Mekugi imetoka, kipini kimegoma.

Fundi_Bapa
Tone moja la mafuta ya cherehani pale kinga inapokutana na kipini, uache hadi kesho. Ikigoma tena, gonga kinga kidogo kidogo kuelekea ncha, ukitumia kipande cha mbao. Nyundo ya chuma hapana.

Nakago ikitoka, USIISUGUE. Kutu yake nyeusi na laini ndiyo inayompa mtaalamu umri. Ukiing'arisha, thamani kubwa imekwenda. Piga picha pande zote mbili, mwanga ukitokea ubavuni. Maandishi yakianza na Shōwa (enzi ya kalenda ya Kijapani), jumlisha 1925 kwenye namba ya mwaka: Shōwa 17 ni 1942. Mhuri mdogo wa Seki (mji wa wafuaji panga) au wa herufi "shō" kwa kawaida ni bapa la wakati wa vita lisilofuliwa kwa njia za jadi. Mhuri wa nyota ni wa mfuaji aliyeidhinishwa na jeshi. Kukosa jina si kasoro, mabapa mengi mazuri hayana.

Karafuu_Mbichi
Naongeza kuhusu usafi. Siki hula kutu na chuma kwa pamoja, na mchoro mweupe wa makali hufifia. Msasa huviringa kona za bapa, kisha mnoaji alazimike kupunguza chuma kingi ili kuzirudisha.

Tumia tishu isiyo na manukato na spiriti safi ya 95% au zaidi. Shika kutokea mgongoni, futa kuelekea ncha tu, usirudi nyuma. Rudia mpaka tishu isitoke nyeusi, kisha tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya madini. Mafuta ya choji, yale ya Kijapani ya kutunzia panga, yananukia karafuu, lakini mafuta ya karafuu ya kupaka jino si hayo! Kutu nyekundu ilowe mafuta usiku mzima, ufute. Iliyobaki ikwangue taratibu kwa ncha ya mwanzi. Madoa meusi yaache. Poda ya uchiko, ya Kijapani ya kusafishia bapa, pia acha: ina unga wa jiwe la kunolea, na juu ya kutu inakwaruza.

Kabla ya kumlipa mnoaji, kagua makali kwenye mwanga. Ufa mdogo unaopanda kutoka kwenye makali ni kasoro ambayo kunoa hakuiondoi.

Fundi_Bapa
Na ukitaka kuuza: Uingereza inazuia uuzaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sm 50 au zaidi, ila zilizotengenezwa kabla ya 1954 zimesamehewa. Picha za nakago ndiyo ushahidi wako.