Wauza boti zilizotumika, acheni kuwasha injini kabla mnunuzi hajafika!

Wakuu, hili limezidi. Mnunuzi anaomba mapema, kwa maneno ya wazi, aikute injini ikiwa ya baridi. Anajibiwa "hakuna shida". Akifika, kifuniko kina joto na muuzaji anajisifu eti inawaka mara moja tu. Injini iliyokwisha kupata moto huwaka hata kama kabureta imeanza kuziba na mgandamizo (nguvu ya silinda kubana hewa) umeshuka! Ukikuta imepashwa, subiri ipoe kabisa au rudi siku nyingine. Bei usiitaje kwanza.

Kinachokera zaidi ni rangi mpya nyuma ya boti. Boti nyingi za faiba zina mbao katikati ya ule ukuta wa nyuma unaobeba injini. Maji hupenya kwenye matundu ya boliti ambayo hayakuzibwa vizuri, mbao zinaoza ndani kwa ndani, nje panabaki panang'aa. Gonga pole pole kwa mpini wa bisibisi, sentimita chache chache. Penye uzima hulia kwa ukali, palipooza sauti hufa. Kisha inua mkia wa injini, shika pezi la chini ya propela ulikandamize, mwenzako akiangalia ukuta. Ukuta ukicheza, au kuna nyufa kuanzia kwenye pembe, hapo ni kukata faiba, kutoa mbao zote, kuweka mpya na kujenga tabaka upya. Halafu mtu anakwambia ni kazi ndogo! Kama ni ndogo, kwa nini hukuifanya kabla ya kutangaza?

Oili ya gia nayo wanaibadilisha asubuhi ya kukutana. Kwa hiyo legeza kidogo skrubu ya chini ya kasha la gia kabla ya kuingia majini, na uilegeze tena mkirudi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili, ule mpira wa kuzuia maji. Kwenye mgandamizo, toa plagi zote na upime kila silinda. Msidanganyike na namba kubwa, angalieni zinavyolingana. Silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hiyo ni injini ya kufunguliwa, na bei yake iwe ya injini ya kufunguliwa.

Boti ya mbao, chomeka ncha ya kisu pale mataruma (mbavu za boti) yanapokutana na mkuku (uti wake wa chini), na chini ya sitaha panapovuja mvua. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo msitazame chini peke yake.

Sasa bei. Muuzaji anajumlisha kila alichowahi kununua: viti, redio, taa, turubai. Hivyo havirudi kwenye bei kama ulivyovilipia. Na msituletee matangazo ya wengine kama ushahidi, maana bei ya tangazo ni ombi, siyo bei iliyolipwa. Tenganisheni vitu: bodi bei yake, injini bei yake, trela bei yake. Injini ikiwa kubwa inaweza kuipita bodi kwa thamani, ndiyo maana kutaja jumla moja kunaficha mengi.

Wanunuzi nao wamo. Mtu hajafungua hata kifuniko, anataja nusu ya bei. Mwingine anataka apunguziwe kwa sababu ya impela ya pampu ya maji, kitu cha matengenezo ya kawaida. Uchakavu wa umri tayari umo ndani ya bei. Kinachokatwa ni ubovu ambao haukutajwa: omba fundi aandike gharama ya vipuri, ufundi na kuitoa boti majini, uikate yote, umwoneshe muuzaji karatasi.

Arubuni isitoke bila maandishi kwamba itarudishwa iwapo ukaguzi au jaribio la majini litafeli. Katika jaribio hilo fungua mafuta hadi mwisho, mzigo ukiwa wa kawaida, ulinganishe mizunguko ya injini kwa dakika na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Isipofika, inaweza kuwa propela isiyofaa au uchafu chini ya boti, mambo ya bei nafuu, au injini imechoka. Ijulikane ni lipi kabla hela haijatoka. Na namba ya injini ilinganishwe na hati. Ikiwa imekwanguliwa, msinunue kwa bei yoyote.