Viungo kwenye bia ya msimu wa baridi: tupeane uzoefu

Wakuu, baridi inabisha hodi na najua wengi mmeshaanza kuosha masufuria ya kupikia bia nyumbani. Uzi huu uwe wa viungo tu. Uliweka nini, kiasi gani, saa ngapi, na chupa ilipofunguliwa ukakuta nini?

Naanza mimi. Bia yangu ya kwanza ya baridi ilikuwa lita 20, nyeusi, nzito, yenye kimea cha kukaangwa. Nikatia kijiko kizima cha chakula cha karafuu ya unga, tena mwanzoni mwa mchemko, ikapikwa dakika 60. Nyumba ilinukia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Wiki ya sita nafungua chupa: fundo la kwanza tu, ulimi ukafa ganzi, kama nimetoka kung'olewa jino. Ni ile eujenoli, kemikali ya karafuu, ndiyo hiyo hiyo inayotumika kutuliza maumivu ya meno. Kimea sikukisikia kabisa, na nilikuwa nimekichagua kwa mapenzi. Sikumwaga. Niliziweka chupa gizani miezi 8, makali yakapungua, ikanyweka. Sasa naweka punje 4 nzima, dakika 5 za mwisho, basi.

Bomba la Sindano
Pole mkuu. Mimi jikoni siweki kiungo tena. Ukiweka kwenye mchemko unabahatisha: harufu nyingine inapaa na mvuke, nyingine inaondoka na gesi bia ikichacha, na kilichobaki hukijui mpaka mwisho.

Natumia vodka. Mililita 100 kwenye chupa ya kioo, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3, iliki 4 zilizopondwa. Natikisa kila siku kwa siku 7, kisha nachuja kwa karatasi ya kahawa. Siku ya kujaza chupa nachota bia glasi 4, kila moja mililita 100, natia vodka hiyo kwa bomba la sindano: mililita 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4. Naonja kuanzia hafifu, maana ukianza na kali ulimi hausemi kweli tena. Nikiipenda ya 0.3 nashuka hadi 0.25, kwa sababu bia wakati huo haina gesi, na gesi ikija hupandisha harufu. Lita 20 ni glasi 200 za namna hiyo, kwa hiyo mililita 50. Mwaka wa tatu huu, sijaharibu pipa.

Povu Zito
Angalieni na hamira jamani! Nilifuata maelekezo ya bia ya Kiingereza yenye karafuu, nikabadilisha hamira tu, nikatia ya Kibelgiji. Kumbe nyingi za huko hutoa zenyewe fenoli, kemikali yenye harufu ya karafuu, kama zile za bia ya ngano ya Kijerumani. Ikawa karafuu juu ya karafuu. Siku hizi hamira ya Kibelgiji naipa giligilani na ganda la chungwa, karafuu naiachia hamira ya Kiingereza iliyo tulivu.

Mfuniko
Mdalasini wa unga hapana. Niliumwaga kwenye chombo bia ilipomaliza kuchacha. Ulielea siku mbili, ukazama, ukawa ute kama uji uliopoa. Mpira wa kuhamishia bia ukaziba katikati ya kazi, na chupa zikatoka na tope la kahawia chini. Tumieni vijiti, ndani ya mfuko wa kitambaa uliochemshwa, wenye kamba ya kuuvutia. Nauacha siku 5, kuanzia ya tatu naonja kila jioni.

Ganda
Chungwa: kwangua rangi ya juu tu. Ule weupe wa ndani ulinipa uchungu wa dawa. Na hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, punguza, viungo navyo vina ukakasi wao.

Mwanzisha uzi
Bomba la Sindano, umenishika. Leo usiku nimeshaloweka: mdalasini kijiti 1, karafuu 2, na robo ya kungumanga niliyoikwangua papo hapo, kwa sababu ile ya unga iliyokaa kabatini harufu yake huwa imeshakwenda. Vodka imeanza kugeuka rangi ya chai. Kuna aliyewahi kuloweka kungumanga zaidi ya siku 7? Jumapili ijayo nachota glasi zangu 4, nitaleta majibu hapa.