Naomba ushauri: chakula na maumivu ya endometriosisi

Habari za jioni wapendwa. Nipo Kirumba, Mwanza, nina miaka 29. Mwaka jana niligundulika nina endometriosisi (ule ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake). Dawa natumia, ila siku zangu zikikaribia tumbo linajaa kama ngoma, hata kitenge hakifungi. Miezi mitatu sasa nimepunguza nyama nyekundu na soda, nakula zaidi dagaa wa Mwaloni, mchicha na ugali wa dona. Maumivu yamepungua kidogo, gesi iko palepale. Nahisi tatizo ni maharage na vitunguu (na mboga bila kitunguu kwangu ni adhabu!). Mliopitia hili, mliacha kimoja kimoja au vyote kwa pamoja? Na nafuu mliiona baada ya muda gani?