Mdogo wangu yuko kwa fundi wa vinyago Mwenge, mwezi wa tatu anapiga msasa tu. Tumtoe?

dada_tabata:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza form four, matokeo hayakukaa vizuri, ila mikono anayo toka mtoto, basi tukampeleka kwa fundi mmoja wa vinyago vya Kimakonde pale Mwenge. Sasa mwezi wa tatu huu dogo anapiga msasa tu, anafagia, ananoa tezo na patasi za watu, kuchonga kwenyewe hajachonga hata sikio. Jioni akirudi anapenga kamasi nyeusi tii kwa vumbi la mpingo, hela hapewi, nauli natoa mimi. Mama anasema tumempeleka mtoto akawe hausiboi. Tumtoe tumpeleke chuo cha ufundi VETA au tuvumilie?

tezo_kali:
Dada mimi nilianza hivyo hivyo kwa mjomba wangu, msasa karibu mwaka mzima, nikamchukia kabisa. Ila kwenye msasa ndio unakisoma kinyago cha fundi kwa vidole, unajua wapi kaacha nyama wapi kapunguza, na hayo hakuna wa kukukalisha akakueleza, ukiuliza sana unaambiwa tazama. Na kunoa msikudharau. Mpingo ni mgumu balaa, tezo butu haili, inateleza inakufuata gotini, kovu ninalo mpaka leo.

Halafu gogo lenyewe sio la kuchezea, huo mti unachukua miaka 70 mpaka 100 kukomaa, na yale yaliyonyooka wazungu wanayataka kwa klarineti zao. Unaweza kulinunua zima, ukitoa ganda na ule weupe wa nje unakuta ufa umeingia mpaka katikati, hasara yako. Ile ujamaa mnayoiona, watu wamepandana mabegani mpaka juu, staili ya mzee Roberto Yakobo hiyo toka miaka ya 1950, yote inatoka kwenye gogo moja, hakuna gundi wala msumari, ukikata mkono wa mtu ndio umekatika, labda ukigeuze kiwe kinyago cha shetani, vile vya viungo vya ajabu ajabu 😂. Sasa ungempa dogo wa miezi mitatu?

kijana_wa_oda:
Mzee kwenye kujifunza nakuunga mkono ila tusifichane, kuna mafundi wanapenda vijana wa msasa kwa sababu ni wa bure. Nilikaa kwa mmoja miaka miwili, oda ya watalii ikija tunasugua mpaka usiku, hela ikiingia "we si bado unasoma". Dada nenda mwenyewe ukaongee nae, nauli na msosi wa mchana viwe juu yake, na akwambie lini dogo anapewa kipande chake. Mwende na mtu mzima mwingine awe shahidi. VETA nako msikutupe, wanarasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani, unapimwa unapewa cheti, ila mpaka uwe umeshaijua kazi.

mama_k:
Mnunulieni barakoa kwanza jamani, hayo mengine baadae.

tezo_kali:
@kijana_wa_oda hapo kweli, wapo wa hivyo. Dada mpime dogo, mpe vinyago viwili, kimoja mpingo kingine mti wa kawaida uliopakwa kiwi nyeusi, muulize kipi feki. Akikijua kwa kukinyanyua tu bila kukwangua, basi huko anafundishwa.

dada_tabata:
Asanteni wote. Nimempima kwa vile viwili vya sebuleni, hata kunyanyua hakunyanyua, kavigonga kwa kucha akacheka, kumbe kile cha elfu arobaini nilichomnunulia mama ni feki 😭. Halafu katoa kitu chini ya godoro, kijiko cha mpingo, kimepasuka kwenye shingo. Anasema fundi alimpa kipande wiki iliyopita, kaona aibu kutuonyesha. Jumamosi naenda Mwenge kuongea habari ya nauli. Barakoa nimeshanunua.