Mtoto wa la tatu anawahi kumaliza hesabu halafu anaanza fujo, nifanyeje?

MamaNasri_Mikindani
Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko la tatu, kichwani yuko vizuri sana, mwalimu akiandika hesabu ubaoni wenzie hata hawajamaliza kunakili yeye keshapata majibu, basi hapo ndo balaa linaanza, mara kamficha mwenzie kalamu mara anajibia wengine kwa sauti, juzi mwalimu kakosea kujumlisha akasimama "umekosea hapo" mbele ya darasa zima, kachapwa. Nikaitwa shule naambiwa mwanao hana adabu. Cha ajabu madrasa ustadhi anamsifia, katulia kabisa. Baba yake anasema fimbo ndo dawa, mi roho inaniuma. Nimhamishe?

Mwl_Nachingwea
Pole mama Nasri, mi nafundisha msingi huku. Jibu umeshaliandika mwenyewe, madrasa. Kule kila mtoto anasoma sehemu yake, akiiweza anasogezwa mbele, hamsubiri mtu. Kwetu darasani watoto 80 na kitu mwendo mmoja, anayewahi anakaa bure, na mtoto wa miaka tisa akikaa bure atatafuta kazi ya kufanya. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Marekani, maandishi yake yalitoka 1942, anasema mtoto mwenye IQ, yaani kipimo cha akili, ya 140 anapoteza nusu ya muda wake kwenye darasa la kawaida. Na tusimwongezee hesabu zilezile, ataona kuwahi ni adhabu. Mi nawaambia watunge swali lao, mzee kapeleka kilo kadhaa za korosho mnadani, bei hii, makato ya chama cha msingi haya, anabaki na shilingi ngapi? Hapo unamwona kainamia daftari mpaka kengele.

Mmakua_wa_Masasi
Mwalimu kaongea. Ila kumsahihisha mtu mzima vile hapana, afundishwe kusema "mwalimu naomba tuiangalie tena hiyo". Fimbo nayo siungi mkono, kachapwa kwa kusema kweli, kesho hata asichoelewa hatauliza.

BintiLindi
Na sio kila mtundu ana kipaji jamani. Fujo ingekuwa kila mahali, nyumbani, madrasa, mpirani, ningesema mpeleke hospitali waangalie na macho na masikio, maana asiyeona ubao naye anasumbua. Wako anatulia akipewa kazi ya saizi yake. Kuhamisha sioni faida, shule za vipaji maalum kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe ni za sekondari, na zote ziko mbali na huku Kusini.

MamaNasri_Mikindani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa mwalimu wake nimwambieje asione namfundisha kazi?

Mwl_Nachingwea
Usianze na akili za mwanao, hapo utamkera. Anza na radhi kwa lile la ubaoni, Nasri mwenyewe awepo aombe. Halafu mpelekee daftari la ziada, mwambie mwalimu, Nasri akimaliza mapema naomba umruhusu atunge maswali yake humu, nyumbani nitayapitia mimi. Kama hujamwongezea kazi ya kusahihisha sioni kwa nini akatae. Na baba yake nenda naye.